Shangazi Hajibu

Kitendawili: wamejaa chumba kizima, wote wamelowa, na hakuna hata mmoja aliyeoga.

Ni watu waliokimbia mvua. Ilishuka mchana, saa ya watu kutafuta chakula, na waliokuwa barabarani wakajitosa kwenye mlango wa kwanza waliouona. Mlango ule ulikuwa wa ukumbi wa gemu, chini ya jengo la maduka. Wakaingia makarani na mafaili vichwani, wauza mitumba na marobota yao, na mama mmoja aliyekumbatia keki ya watu ndani ya mfuko wa plastiki. Wanasukumana, wanapiga chafya, wanaulizana kama itakatika au ndiyo mpaka jioni.

Katikati ya zogo lile, mwanamke mmoja alikuwa anacheza gemu kama yuko peke yake duniani.

Alivaa sare ya kijani ya kliniki, imepigwa pasi mpaka mikono ina makali, na raba nyeupe zisizo na doa. Nywele alizibana nyuma kwa kibanio. Mbele yake ilisimama mashine ya zamani, kubwa kama kabati la nguo, kioo chake kimetokeza mbele kama tumbo la mtu aliyeshiba. Ndani ya kioo walipigana wanyama wa kale, wale wa zama ambazo binadamu hajakanyaga ardhi. Yuko mjusi mkubwa wa miguu miwili, meno kama misumari, vijikono havifiki hata mdomoni: huyo wachezaji humwita Bosi. Yuko sokwe mrefu kuliko nyumba: Mjomba. Na yuko mwenye magamba mgongoni na rungu mkiani, mzito wa kutembea, mwepesi wa kupiga: Shangazi. Majina yao halisi yaliandikwa kwa herufi za kigeni ambazo pale ukumbini hakuna aliyewahi kuzisoma.

Mwanamke alikuwa Shangazi. Bosi akaruka ili amng'ate. Mkia ukamkuta hewani. Bosi chali.

"Mpe! Mpe mkia!" watu wakapiga kelele, wamesahau mvua. "Dada, hata hutabasamu?"

"Nimeshinda?" aliuliza.

"Umeshinda tangu tumeingia!"

"Haya," akasema, akabonyeza kuanza tena.

Ndipo mwanamume mmoja alipojipenyeza hadi mbele. Ovaroli yake ya bluu ilikuwa imepauka magotini, mfuko wa kifuani umejaa bisibisi kama kalamu za mwalimu. Alikuwa fundi wa mashine zote za ukumbi ule.

"Samahani, dada. Naomba nimtibu huyu mgonjwa."

"Mgonjwa yupi?"

"Huyu unayempiga vidole. Ana homa. Mguse ubavuni."

Akagusa. Ubavu wa mashine ulikuwa wa moto kweli. "Hii mashine?"

"Usimwite hii. Anasikia."

Mwanamke akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Mimi ni nesi wa meno. Kwetu mgonjwa lazima awe na meno."

"Huyu anayo. Tazama," akamwonyesha Bosi, kinywa wazi kwenye kioo.

"Hayo yote ni ya kung'oa."

Mama mwenye ukumbi, aliyekaa kwenye dirisha la kuuzia tokeni na gauni lake la zambarau, alicheka mpaka kiti kikalia. "Fundi, leo umepata fundi mwenzio!"

Mvua ilipokatika na watu kumwagika nje, fundi alikuwa bado amepiga magoti nyuma ya mashine, na nesi bado amesimama. "Nipe namba yako," fundi akasema, "nikujulishe hali ya mgonjwa."

"Kwani huwa unawapigia watu wote?"

"Ndugu wa mgonjwa tu."

"Mimi nani wake?"

"Mpwa. Si umeshinda na Shangazi mchana kutwa?"

Nesi akampa namba. Alipopanda ngazi kurudi kazini alijiuliza kwa nini ameitoa, kisha akaacha kujiuliza.

Jioni simu ikalia.

"Halo, mpwa wa mgonjwa?"

"Anaendeleaje?"

"Homa imeshuka. Ila anakuulizia."

"Mwambie nakuja kesho. Na wewe umekula?"

Ni neno dogo, watu wanaulizana kila siku. Lakini fundi alikuwa na muda mrefu hajaulizwa, na siku ile alirudi kwake na mwendo wa mtu aliyepandishwa cheo.

Wakazoeana hivyo, kwa simu za jioni na michezo ya mchana. Fundi akamwita nesi Ganzi, kwa sababu ya sindano anazoandaa kazini. Nesi akamwita fundi Bisibisi. "Ganzi wangu, leo umechoma wangapi?" "Wengi. Na wewe gego lako la nyuma linakuuma, naliona unavyotafuna upande mmoja. Njoo kliniki." "Nikija utanishika mkono?" "Nitakushika taya."

Mama yake nesi, aliyeishi naye katika nyumba ya vyumba viwili, alimpenda fundi kabla binti hajaamua. Siku moja akasema, "Mwanangu, huyo anayekupigia kila jioni, mwambie aje anitazamie pasi yangu. Haishiki moto."

Fundi akaja, shati jeupe, mstari wa pasi umesimama mikononi. Akaifungua pasi, akaichungulia, akaona ni nzima kabisa. Akaifunga.

"Amepona, mama."

"Nani huyo amepona?"

"Pasi."

Mama akaangalia ukutani ili asicheke. "Kaa hapo kwenye kochi unywe chai, baba. Umefanya kazi kubwa."

Siku hiyo fundi aliondoka akiwa amepimwa na kukubalika, na wote watatu walijua.

Jumapili moja walikaa ghorofa ya juu ya jengo la maduka, kwenye benchi, soda mkononi. Nesi alivaa gauni la njano ambalo mama yake alimshonea zamani, hereni ndogo za duara, kucha hazina rangi. Chini yao watu walipanda na kushuka ngazi za umeme.

"Kitendawili!" fundi akasema.

"Tega."

"Mikono haifiki mdomoni, lakini amekula kila mtu."

"Bosi. Hicho hata mtoto anajua. Kitendawili!"

"Tega."

"Nimemchoma akalia, nimemng'oa akanishukuru."

"Mwenye jino bovu! Mpenzi, unatega vya kazi yako tu. Nipe kigumu."

Nesi akaweka soda yake chini. "Taa zinawaka, redio inaimba, chungu kiko jikoni. Ukibisha hodi hakuna anayefungua."

Fundi akafikiri. Akataja kituo cha redio, akataja nyumba ya wezi, akataja gari lililoachwa linanguruma. Kote siko. "Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Nakupa jengo hili lote, na choo chake, na yule mlinzi anayesinzia mlangoni."

"Asante. Jibu ni mimi."

Fundi akacheka, kisha akaona kuwa mwenzake hacheki.

Nesi akamweleza, kwa sauti ile ile ya kuagizia soda. Alikuwa na kaka, mkubwa wake kwa kuzaliwa. Ndiye aliyemleta ukumbini akiwa bado msichana wa shule, yeye Mjomba, dada mtu Shangazi, wakipigana mpaka mama mwenye ukumbi awatoe kwa ufagio. Mwaka juzi kaka akaugua kwa muda mfupi, akafa.

"Watu wote walilia. Mimi nilikuwa nagawa chai. Nikajiambia, nikimaliza kuosha vikombe nitalia. Nikamaliza kuosha vikombe."

"Halafu?"

"Hakuna halafu. Nikavipanga kabatini. Tangu hapo niko hivyo. Nikicheza ile gemu, vidole vinamkumbuka. Mimi simkumbuki, vidole ndivyo vinavyomkumbuka. Ndiyo maana naenda."

Fundi akamshika mkono. Ulikuwa mkono wa kawaida, wa joto, haukurudisha chochote wala haukujitoa. Akaapa moyoni kwamba atamrudisha, hata iweje. Ndiyo kazi aliyoijua: kitu kimezima, unakifungua, unatafuta palipokatika, unaunga.

Bahati mbaya, wiki ile ile mashine ikaugua kweli. Upande wa kushoto, ule wa Shangazi, ukafa. Unabonyeza, unavuta, Shangazi amesimama tu na magamba yake, anapigwa. Fundi akamfungua. Akabadilisha nyaya, akasugua viungio, akapuliza vumbi la miaka. Akakaa naye mchana baada ya mchana, akawa anapiga simu za jioni akiwa amechoka, maneno machache, akili iko kwingine. Kliniki ilijaa wagonjwa siku zile, nesi hapati nafasi ya kuja ukumbini, naye hakumwambia anahangaikia nini. Alitaka amshtukize: aje siku moja, abonyeze, Shangazi aruke, na mtu aliye ndani afungue mlango.

Siku ya mshahara nesi aliomba ruhusa ya mapema. Akaja ukumbini na flaski ya chai. Kwa mbali alisikia sauti ya fundi nyuma ya mashine, anaongea kwenye simu na rafiki yake, fundi mwenzake.

"Nimemvumilia sana, ndugu yangu. Nimemshika kila mahali, hajibu. Kwa nje mzuri, anang'aa, lakini ndani amekufa. ... Hapana, sijui nijidanganye mpaka lini. ... Ndiyo, itabidi nimwache tu. Nitafute mwingine, hata kama si mzuri kama huyu, mradi akiguswa anajibu."

Nesi akasimama na flaski yake. Akangoja maumivu yaje. Alijua yanatokea wapi, aliyaona kwa watu wengine kila siku, akajiandaa kuyapokea. Hayakuja. Ilikuja hewa tu, kama unapofungua friji tupu. Na hilo ndilo lililomtisha: kwamba mtu amemwita maiti, naye anakubali.

Akaiweka flaski kwenye dirisha la tokeni.

"Humsubiri, binti?" mama mwenye ukumbi akauliza.

"Ana kazi."

Njiani akamwandikia ujumbe: *Umesema kweli. Tusisumbuane.* Akazima simu.

Fundi alipoupata ujumbe aliusoma amesimama, akausoma amekaa. Kweli gani? Akapiga. Yule dada wa kwenye mtambo akamwambia mteja hapatikani. Akapiga tena, akaambiwa vilevile kwa upole uleule, mpaka akataka kumtukana.

"Mwenzio alifika," mama mwenye ukumbi akamwambia, akimsogezea flaski. "Kaacha hii. Hajaaga, na yule mtoto huwa anaaga. Umemfanya nini?"

"Sijamfanya kitu, mama."

"Basi labda ndiyo hilo."

Akaenda kwa akina nesi, mama mtu akamwambia binti amelala, na macho ya mama yalisema hajalala. Akamvizia nje ya kliniki. Nesi akapitia mlango wa nyuma. Siku zikapita. Nesi alikwenda kazini, akarudi, akala alichopewa. Mama alipomuuliza, "Mmegombana?" alijibu, "Hapana." Na ilikuwa kweli. Kugombana kunataka watu wawili wenye hasira.

Mwishowe ni gego lililoamua. Lilimwamsha fundi alfajiri kama mdai, shavu limevimba, na saa mbili asubuhi alikuwa kwenye kiti cha kliniki, kitambaa kifuani, taa usoni. Daktari, mama wa makamo mwenye miwani mizito, akachungulia, akasema hilo ni la kutoka. Nesi akaandaa sindano. Hakumtazama usoni, alimtazama taya. Daktari akachoma, akasema, "Tuiache ishike," akaenda chumba cha pili kwa mgonjwa mwingine.

Wakabaki wawili. Kiyoyozi kinavuma. Nesi anapanga koleo kwenye trei.

"Nimekofa nini, mpenfi?" fundi akasema. Nusu ya mdomo wake ilikuwa imeshaondoka.

"Nyamaza. Utajing'ata ulimi."

"Nijing'ate tu. Nimekofa nini?"

"Hujakosa. Umesema kweli."

"Kweli gani?"

Nesi akaacha kupanga. "Ulikuwa nyuma ya mashine, unaongea na simu. Umemshika kila mahali, hajibu. Ndani amekufa. Utatafuta mwingine. Sikukasirika, Bisibisi. Ningekuwa wewe ningesema hivyo hivyo."

Macho ya fundi yakatoka. Akajaribu kuinuka, kitambaa kikaanguka. "Fangafi!"

"Nini?"

"Fangafi! Nilikuwa namfema Fangafi!" Akafanya mkono wake mkia, akaupigapiga hewani. Mate yakamtoka pembeni. "Mafine! Yule mafine!"

"Shangazi?"

Akatikisa kichwa mpaka kiti kikatikisika. Ndiyo, ndiyo.

"Mashine ungesema *haijibu*," nesi alisema taratibu. "Ulisema *hajibu*. Nilisikia vizuri."

"Mimi hufema hivyo! Fiku zote! Pafi amepona, nani kapona, pafi!"

Na hapo nesi akakumbuka. Usimwite hii, anasikia. Herufi moja tu, kijiherufi chembamba kama uzi wa kushonea, na mtu huyu hajawahi kukitumia kwa kitu chochote chenye waya.

Pengine mwingine angecheka, au angemwangukia shingoni. Nesi aliokota kitambaa, akakitikisa, akamfunga tena kifuani. Vidole vyake vilikaa pale shingoni kidogo zaidi ya ilivyohitajika. "Fungua mdomo," akasema. "Daktari anakuja."

Jino lilitoka na mizizi yake yote.

Saa ya chakula walikaa kwenye ngazi za nje ya kliniki, fundi na pamba shavuni. Barabarani watu walipita na shughuli zao.

"Kwa hiyo nimekosea," nesi akasema. "Samahani kwa kuzima simu. Lakini sikiliza. Hata ukiirudisha ile herufi, mimi ni yule yule. Mgonjwa akishachomwa, ninagonga jino, anasema nasikia unagonga, lakini siumii. Ndivyo ninavyokusikia. Ukinishika, najua umenishika. Basi."

Fundi akatazama viatu vyake. Mdomo ulikuwa unaanza kurudi. "Shangazi amekufa kabisa. Ameungua kadi yake ya ndani, na kadi kama hizo hazitengenezwi tena popote. Nilidhani nikimfufua yeye, na wewe..."

"Na mimi nitawaka."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unatengeneza mashine mbili kwa mpigo."

Hakuna tusi lililowahi kumwingia fundi kama lile, na halikuwa tusi.

"Usinitengeneze," nesi akasema.

"Sasa nifanye nini? Mikono yangu haijui kingine."

"Kaa tu. Nisipojibu, kaa."

Akakaa. Alikuwa hajazoea, mara anagusa bisibisi, mara anairudisha mfukoni. Kisha akashika shavu, uso ukakunjamana.

"Inaanza kuuma."

"Ganzi inatoka."

"Ikitoka ndiyo inauma hivi?"

"Ndiyo. Na baadaye itauma zaidi."

Fundi akamgeukia, akamtazama yule mwanamke aliyegawa chai na kuosha vikombe, na kwa mara ya kwanza akaelewa alichokuwa anahangaika kukirudisha. Akapoa.

"Basi usiharakishe," akasema.

Nesi akalisikia neno lile. Halikumpasua, halikumliza. Lilikaa mahali ndani, kama mtu aliyekaribishwa akavua viatu mwenyewe. Tangu mwaka juzi kila mtu alikuwa anamwambia alie, acheke, ajikaze, aombe, asafiri. Hakuna aliyewahi kumwambia hivi.

"Unataka kunioa?" akauliza.

Fundi akasahau shavu. "Nataka. Nilitaka niseme mimi, tena na shati zuri."

"Nikikubali, sitaruka. Watu watasema bibi harusi amelazimishwa."

"Watasema."

"Na siku nikirudi, kama nitarudi, huenda nikakutazama nikaona sikutaki."

Gari la taka likapita, likanguruma, likatokomea kwenye kona. "Siku hiyo utaniambia?"

"Nitakuambia."

"Kwa mdomo. Siyo kwa kuzima simu."

"Kwa mdomo."

"Basi mimi niko tayari."

"Na mimi niko tayari," nesi akasema, kwa sauti ileile ya kuagizia soda. Na fundi, ambaye zamani angetafuta palipokatika, aliichukua vilevile ilivyo.

Jioni wakaenda pamoja kwa mama. Alikuwa anakunja nguo mezani. Akawaona wameingia pamoja, mmoja shavu limevimba kama andazi, mwingine bado na sare, akaweka chini shuka alilokuwa ameshika.

"Mama, tunataka kuoana," nesi akasema.

Mama akamwendea, akamshika uso kwa mikono miwili, akautafuta kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia. "Umefurahi, mwanangu?"

"Sijui, mama. Lakini nimemchagua. Hakuna kilichonisukuma. Nimekaa, nimefikiri, nimemchagua."

Mama akalia. Alilia wazi, bila kujifuta, na nesi akasimama akashikwa uso vile vile, asijitoe. Mlangoni fundi hakujua aweke wapi mikono yake. Mezani palikuwa na viti vitatu: cha mama, cha binti, na cha tatu, chenye mto wa bluu, ambacho tangu mwaka juzi kilipanguswa vumbi kila asubuhi na hakuna aliyekikalia.

Nesi akakivuta nje kidogo.

"Kaa," akamwambia.